Punje za Mahindi Badala ya Kompyuta: Kufundisha Uchanganyaji wa Unga kwa Mfululizo

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha Sayansi na Hisabati katika shule ya msingi hukutana mapema na mada ya michanganyiko. Vitabu huieleza kwa aya chache: mchanga na chumvi, mchele na maharage, chujio na sumaku, basi. Aghalabu mada hiyo humalizwa kwa kipindi kimoja, nao watoto huondoka wakiamini kwamba kuchanganya ni jambo jepesi. Kwamba kitu kikitikiswa kwa muda wa kutosha hakina budi kuchanganyika. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo si ya kweli, na kwamba mtoto wa Darasa la Sita aweza kuligundua hilo kwa mikono yake, kisha akalikokotoa kwa njia ile ile wanayoitumia wahandisi waundapo modeli za kompyuta za mashine za kuchanganyia unga.

Yafaa nianze kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa nikimkagua mwanachuo mmoja. Alikuwa amejitahidi. Kila kikundi kilipewa chupa ya plastiki yenye mchele na maharage machache, na agizo lilikuwa fupi: "Tikiseni mpaka vichanganyike." Baada ya muda msichana mmoja wa kikundi cha tatu alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, vya kwetu vinaachana. Maharage yote yamepanda juu." Mwanachuo akamjibu kwamba hawakutikisa vya kutosha. Msichana akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, na maharage yakakaa pale pale juu. Akainua chupa ili mwalimu aione. Akaambiwa aketi. Nami, mkufunzi wake mwalimu huyo, niliandika katika fomu ya ukaguzi: "Kikundi cha tatu hakikufuata maelekezo."

Jioni ile, nilipokuwa nikipika, nilijaza mchele katika kopo, nikazika maharage matano chini kabisa, nikalitikisa juu chini. Hazikupita dakika mbili maharage yakanitazama. Nitarudi kwa msichana huyo baadaye, maana kabla ya kueleza kwa nini alikuwa sahihi ni lazima tuone jinsi uchanganyaji unavyokwenda pale unapokwenda vizuri.

Unga unaosafiri

Kuna njia mbili za kuchanganya vitu vikavu. Ya kwanza wanafunzi wote wameiona: fundi mwashi humwaga mchanga na saruji chini, akalipindua lundo kwa koleo upande huu na upande ule mpaka rangi iwe moja, ndipo atie maji. Lundo likiisha huanza jingine. Njia hii tuiite kuchanganya kwa mikupuo. Njia ya pili ni kuchanganya kwa mfululizo. Hapa vitu havisimami. Huingia upande mmoja wa mashine bila kukatika, hupinduliwa na mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili unaozunguka, husogea mbele huku vikipinduliwa, na hutoka upande wa pili. Fundi mwashi akiona mistari ya saruji ambayo haijakolea hupindua tena. Anayesimamia mashine ya mfululizo hana nafasi hiyo, kwani unga uliotoka umekwisha kuingia mfukoni.

Mfano ulio karibu nasi ni kiwanda cha unga wa mahindi kinachoongeza virutubishi. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, na Kenya iliufanya urutubishaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa kuwa wa lazima mwaka 2012. Virutubishi hivyo, kama madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, huja vikiwa unga mkavu, na kiasi kinachotiwa ni kidogo mno: gramu mia chache kwa tani. Tuchukue gramu 500 kwa tani kwa ajili ya hesabu yetu. Mashine inayotoa kilo 300 za unga kwa saa hutoa kilo 5 kwa dakika. Kwa hiyo kifaa cha kudondoshea virutubishi hakina budi kudondosha gramu 2.5 kila dakika, kiasi kinachoenea katika kijiko kimoja cha chai, nazo zienee katika kilo zote 5. Ni sehemu 1 kwa sehemu 2,000. Hesabu hii wape watoto kabla ya jambo jingine lolote. Wengi hulipata jibu kisha wakakataa kuliamini, na kukataa huko ni mwanzo mzuri wa somo.

Mwalimu aeleze pia kwa nini jambo hili si la kuchezewa. Asidi ya foliki humkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya kasoro fulani za uti wa mgongo, na kinga hiyo huhitajika katika majuma ya kwanza, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Ikiwa virutubishi vya mifuko miwili vimeingia katika mfuko mmoja, wastani wa kiwanda utaonekana kuwa sawa kabisa kwenye daftari, lakini mama aliyenunua ule mfuko wa pili hakupata kitu.

Viwanda vya dawa vina shida hiyo hiyo, kwani kidonge ni unga uliochanganywa kisha ukashindiliwa. Kwa muda mrefu viwanda hivyo vilichanganya kwa mikupuo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Orkambi ya kampuni ya Vertex, iliyotengenezwa kwa mfululizo, na mwaka 2016 ikairuhusu kampuni ya Janssen kuacha mikupuo na kutengeneza kwa mfululizo vidonge vya Prezista, dawa ya VVU. Uamuzi kama huo hautolewi kwa kubahatisha. Ni lazima mwenye kiwanda aweze kueleza nini hutokea ndani ya mashine ya chuma asimoweza kuchungulia, na hapo ndipo modeli inapohitajika.

Modeli ni nini

Neno hili huwatisha wanachuo bila sababu. Modeli ni maelezo ya kitu yaliyopunguzwa mpaka yakabaki yale tu yanayoweza kukokotolewa. Ramani ya kijiji ni modeli: haina vumbi wala kelele za kuku, lakini inakuonyesha njia ya kisimani. Modeli ya mashine ya kuchanganyia haina mlio wala joto. Ina visanduku, ina idadi ya vitu vilivyomo katika kila kisanduku, na ina kanuni ya kuhamisha vitu kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Kompyuta hurudia kanuni hiyo mara maelfu bila kuchoka. Haiongezi busara yoyote. Darasa la watoto arobaini laweza kufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa mwendo wa polepole na kelele nyingi zaidi.

Somo lenyewe

Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha iwapo vifaa vimeandaliwa jana yake. Kila kikundi kinahitaji punje 64 za mahindi, zile bapa za katikati ya gunzi, kila moja ikiwa imepakwa wino upande mmoja. Kisha kinahitaji vipande vitatu vya karatasi vyenye maandishi "Kisanduku 1", "Kisanduku 2" na "Kisanduku 3", na kifuniko cha kopo cha kuwekea punje zilizotoka. Visanduku hivyo vitatu ni sehemu tatu za mashine kwa kufuatana: mwanzo, katikati na mwisho. Punje ni virutubishi. Unga wenyewe hatuuweki mezani. Tunachukulia kwamba unapita kwa kasi moja, na tunafuatilia virutubishi peke yake.

Mpe kila kisanduku mtoto wake, na katibu wa kuandika. Kanuni ni moja. Katika kila hatua kila mwenye kisanduku huzirusha punje zake mezani, wote kwa pamoja. Zilizolala wino ukiwa juu huhamia kisanduku kinachofuata, na zilizoficha wino hubaki. Zinazotoka Kisanduku 3 huwekwa kwenye kifuniko na kuhesabiwa. Hatua ya kwanza punje zote 64 ziwe katika Kisanduku 1, kana kwamba mtu ameangusha kopo zima la virutubishi ndani ya mashine kwa bahati mbaya.

Kabla punje hazijarushwa, kila mtoto aandike katika daftari lake jibu la swali hili: ni katika hatua ya ngapi punje nyingi zaidi zitatoka, nazo zitakuwa ngapi? Usiruhusu kundi lianze kabla kila mtoto hajaandika. Nimeona wanachuo wengi wakiiruka sehemu hii ili kuokoa muda, na matokeo yake watoto hutazama punje kama watu watazamao mvua.

Baada ya kurusha, na wala si kabla, chora ubaoni jedwali la nusu kamili. Ikiwa katika kila hatua nusu huhama na nusu hubaki, tunapata hivi:

Hatua ya 1: Kisanduku 1 punje 32, Kisanduku 2 punje 32, Kisanduku 3 tupu, zilizotoka 0.
Hatua ya 2: 16, 32, 16, zilizotoka 0.
Hatua ya 3: 8; 24; 24; zilizotoka 8.
Hatua ya 4: 4, 16, 24, zilizotoka 12.
Hatua ya 5: 2, 10, 20, zilizotoka 12.
Hatua ya 6: 1, 6, 15, zilizotoka 10.

Watoto wajumlishe kila mstari pamoja na punje zilizokwisha kutoka awali. Jumla haina budi kuwa 64 daima. Jambo hili dogo wahandisi hulitegemea sana: kilichoingia kiwe kimetoka au kiwe bado kimo. Kikundi ambacho jumla yake ni 61 kitafute punje tatu chini ya dawati kabla ya kuendelea.

Hakuna kikundi kitakachopata tarakimu hizi hasa. Kimoja kitapata 35 na 29 katika hatua ya kwanza, kingine 28 na 36. Kama una vikundi sita, jumlisha matokeo yao yote na ugawanye kwa sita. Wastani huo utalikaribia jedwali kuliko kikundi kimoja peke yake. Usiwaambie kwamba waliokuwa mbali na 32 wamekosea. Hawakukosea.

Sasa rudi kwenye lile kopo lililoanguka. Punje 64 ziliingia mara moja, lakini hakuna hatua ambayo zaidi ya punje 12 zilitoka. Mashine imelitandaza kosa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mashine ya mfululizo: haichanganyi tu vitu vilivyo ubavu kwa ubavu, bali huchanganya pia cha sasa na cha dakika iliyotangulia. Kwa kuwa punje moja hupita haraka na nyingine huchelewa, muda wa kukaa ndani hutofautiana, na mtawanyiko wa muda huo ndio utambulisho wa mashine. Aliyeliweka wazo hili katika hesabu zinazotumika hadi leo ni P. V. Danckwerts, mhandisi wa kemikali wa Uingereza, katika makala yake ya mwaka 1953. (Mtu huyo mwaka 1940, akiwa kijana katika jeshi la wanamaji, alikuwa akitegua mabomu yaliyoangushwa kwa miavuli jijini London, akatunukiwa nishani ya George Cross. Watoto hupenda kusikia habari hiyo, nami sioni ubaya kuwaambia.)

Makosa mawili ya kifaa cha kudondoshea

Kipindi cha pili ndicho chenye mafunzo makubwa zaidi, nacho hufanywa ubaoni kwa nusu kamili bila kurusha punje. Tuseme sasa virutubishi vinaingia bila kukatika, punje 12 kila hatua. Baada ya muda kila kisanduku kitakuwa na punje 24, kitapokea 12 na kutoa 12. Waache watoto wahakikishe wenyewe.

Kosa la kwanza: kifaa kinatetereka. Hatua moja kinadondosha 24, hatua inayofuata hakidondoshi kitu, tena 24, tena 0. Wastani ni ule ule 12. Endeleza hesabu mpaka itulie, nawe utaona kwamba Kisanduku 1 kinatoa 16 na 8 kwa kupokezana, Kisanduku 2 karibu 13 na 11, na Kisanduku 3 karibu 12 na 12, tofauti isiyofika punje moja. Kila kisanduku kimeipunguza tofauti hadi theluthi yake. Mashine imesahihisha kosa lote, na aliye mlangoni hatajua kwamba lilikuwapo.

Kosa la pili: kifaa kimeziba. Kilikuwa kikitoa 12, sasa kinatoa 0, na hakuna aliyegundua. Waulize watoto mlangoni kutaonekana nini. Karibu wote husema punje zitakoma mara moja. Kokotoeni. Katika hatua ya kwanza baada ya kuziba hutoka 12. Ya pili 12. Ya tatu, bado 12. Ya nne ni 10 na nusu, ya tano ni 8 na robo, ya sita ni 6, na kufika ya kumi hutoka kama punje 1 tu. Kwa hatua tatu nzima mlango unasema kila kitu ni salama ilhali chanzo kimekauka. Na kifaa kikizibuliwa katika hatua ya kumi, unga hautakuwa mzuri papo hapo. Visanduku vitupu hujaa polepole kama vilivyopungua polepole.

Hapo mwanachuo ametambua jambo ambalo wahandisi hulitafuta kwa kompyuta zao. Mashine ya kuchanganyia huponya makosa mafupi, yale yanayopita upesi kuliko muda ambao punje hukaa ndani. Makosa marefu haiyaponyi. Huyachelewesha tu kuonekana. Kwa hiyo modeli ikionyesha kwamba kifaa cha kudondoshea huwa na tabia ya kulegea kwa dakika kumi, wakati punje hukaa ndani ya mashine kwa dakika moja tu, basi kuongeza kasi ya mapanga hakutasaidia kitu. Anayepaswa kurekebishwa ni mdondoshaji. Pesa nyingi hupotea kwa kununua kichanganyio kikubwa zaidi mahali ambapo kifaa kidogo cha kudondoshea ndicho kilichokuwa kibovu.

Baadhi ya watoto watauliza kama punje zaweza kurudi nyuma. Ndiyo, mapanga mengine hurudisha unga nyuma kwa makusudi ili ukae zaidi. Tumia dete badala ya wino: 1, rudi, 2 au 3, kaa, 4, 5 au 6, songa mbele. Iliyo katika Kisanduku 1 ikipata 1 ikae pale pale. Sihitaji kueleza zaidi, kwani wakishaielewa kanuni ya kwanza hii huifanya wenyewe.

Kompyuta inapofuata kila punje

Modeli ya visanduku ina udhaifu: kanuni ya nusu tumeitunga sisi. Nani ametuambia kwamba nusu ndiyo inayohama katika mashine halisi na si theluthi? Njia moja ya kujua ni kupima. Nyingine ni kuiachia kompyuta ifuate kila punje peke yake. Njia hii ilielezwa na Peter Cundall na Otto Strack mwaka 1979, nao walikuwa wakifikiria tabia ya udongo na mawe, wala si unga. Kila punje huchukuliwa kuwa tufe dogo. Punje mbili zikigusana husukumana kama zenye springi kati yake na kukwaruzana kwa msuguano. Kompyuta hujumlisha nguvu zote zinazoisukuma kila punje, hukokotoa itakuwa wapi baada ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha huanza upya.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kubuni nusu wala theluthi. Ubaya wake ni wingi wa kazi. Chukua punje ya unga yenye kipenyo cha milimita 0.2; kilo moja ya unga kama huo ina punje zaidi ya milioni mia moja. Ndiyo maana hata kompyuta zenye nguvu hutumia punje chache na kubwa kuliko za kweli. Wengi huunganisha njia zote mbili: hufuata punje kwa muda mfupi ili kujua ni sehemu gani huhama kutoka eneo hadi eneo, halafu hulitia jibu hilo katika modeli ya visanduku ambayo hukokotolewa haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, ni miongoni mwa waliozitumia sana modeli za namna hizo kwa ajili ya unga wa dawa.

Kipimo cha kuchanganyika

Kabla ya kulinganisha modeli na mashine, watoto wajue kilichochanganyika vizuri huonekanaje. Waambie wachore mchanganyiko kamili wa maharage mekundu na meupe kwa idadi sawa, nao watakuchorea ubao wa drafti: jekundu, jeupe, jekundu, jeupe. Huo si mchanganyiko; huo ni mpango. Tia katika mfuko maharage mengi ya rangi hizo mbili, yenye ukubwa mmoja, uyachanganye hasa, kisha kila mtoto atoe 20 bila kutazama. Wachache watapata 10 kwa 10. Karibu mara tatu katika kila nne idadi ya mekundu itakuwa kati ya 8 na 12, na atakayepata 7 au 13 hakukosea wala mfuko haukukosea. Mwaka 1954 P. M. C. Lacey alitoa kipimo kinachotumia wazo hili hili: tofauti za sampuli hulinganishwa na zile ambazo zingetokea katika mchanganyiko wa bahati tupu. Zikiwa kubwa kuliko hizo, kazi haijakamilika. Kipimo hicho ndicho kinachotumiwa mpaka leo kusoma matokeo ya kompyuta.

Kuihukumu modeli

Modeli isiyojaribiwa ni uvumi wenye tarakimu. Katika viwanda hutiwa kiasi cha kitu kinachotambulika mlangoni mwa kuingilia, kwa mkupuo mmoja, kisha unga unaotoka hupimwa kidogo kidogo, na mchoro wa matokeo hulinganishwa na ule wa modeli. Darasani tumia chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na shingo. Mtoto mmoja aizungushe mikononi ikiwa imeinama kidogo, mwingine amimine mahindi meupe kwa faneli ya karatasi bila kukatisha. Ndani ya mkondo huo tia mara moja punje 64 zenye wino, na wa tatu akinge kinachotoka kwa vikombe vidogo, akivipanga kwa zamu. Hesabuni wino katika kila kikombe.

Mchoro wenu utapanda na kushuka kama ule wa jedwali, lakini hautalingana nalo kikamilifu. Basi badilisheni kanuni. Je, visanduku viwili vingefaa zaidi? Vitano? Darasa langu moja lilibishana juu ya visanduku vinne au vitano mpaka kengele ikalia, nami sikuwakatisha.

Kisha rudieni kwa mtama badala ya mahindi yenye wino. Sasa modeli itashindwa. Katika pipa linalozunguka punje ndogo hujikusanya katikati na kubwa hukaa pembezoni. Kila mzunguko huzitenga badala ya kuzichanganya. Kanuni yetu haijui ukubwa wa punje, kwa hiyo haiwezi kulitabiri jambo hilo hata tukiikokotoa mara milioni.

Hapa ndipo ninaporudi kwa msichana wa kikundi cha tatu. Mwaka 1987 Rosato, Strandburg, Prinz na Swendsen walichapisha matokeo ya modeli ya kompyuta iliyotikisa punje kubwa miongoni mwa ndogo. Kubwa zilipanda juu. Maelezo yao ni mepesi: kila mtikisiko huacha nafasi chini ya punje, nafasi ndogo hutokea mara nyingi kuliko kubwa, na punje ndogo huziwahi. Kubwa haipati nafasi ya kurudi chini, basi kila mara hubaki imeinuliwa kidogo. Ni jambo alilolisema mtoto wa shule ya msingi akiwa na chupa mkononi, akaambiwa aketi.

Juma lililofuata mwanachuo yule na mimi tuliomba ruhusa ya mwalimu mkuu tukarudi katika darasa lile. Mwanachuo aliwaambia watoto kwamba kikundi cha tatu kiliona sawasawa na kwamba mwalimu na mkufunzi wake ndio walioshindwa kutazama. Msichana hakusema neno kipindi kizima. Kuelekea mwisho, tulipouliza itakuwaje iwapo maharage yatakuwa na ukubwa sawa na mchele, watoto wengi walinyoosha mikono. Yeye aliinua kiganja chake kidogo tu, usawa wa dawati, akakishusha. Mwanachuo aliuona mkono huo akamwita kwa jina. Jibu lake lilikuwa kwamba hajui, ila angependa kujaribu kwa punje za ulezi na za mtama, kwa kuwa nyumbani kwao vyote vipo. Alivileta kesho yake.

Kuhusu vifaa: punje zilizopakwa wino zisirudishwe katika gunia la chakula cha shule wala zisitupiwe kuku. Zitiwe katika kopo lenye kifuniko na ziandikwe jina la somo. Zikikaushwa vizuri juani hazitobolewi upesi na wadudu, na seti moja ya punje 64 imenitosha kwa mihula mitatu, ingawa kila muhula hupungua punje mbili au tatu ambazo hakuna mtoto anayekiri kuziona.